Barabara ya Ndege Nayo Ina Lindo Lake

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nasi tulikuwa katika kata ya Nkungu, wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo wazee wengi wangali wakiiita kwa jina lake la zamani la Cyangugu. Wananchi, askari na polisi walikuwa wameinama pamoja, majembe mikononi, wakizibua mtaro wa barabara ya udongo ipitayo ubavuni mwa kilima. Mvua ya usiku ilikuwa imeshusha tope na majani ya migomba, na mahali pamoja maji yalikuwa yameacha mtaro na kuanza kujichimbia njia yao katikati ya barabara.

Wakati kazi ikiendelea ulisikika juu mvumo wa ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Kamembe. Askari mmoja kijana alijinyoosha, akaegemea mpini wa jembe lake, akatuuliza: "Afande, sisi huku twazibua mtaro ili baiskeli na pikipiki zipite. Kule Kamembe ni nani azibuaye mtaro wa ndege?"

Watu walicheka. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi karibu nasi hakucheka. Alisema, "Kijana ameuliza neno. Maji hayajui kama kilicho juu yake ni baiskeli au ndege."

Swali hilo tuliondoka nalo Nkungu. Askari na polisi wengi hulinda viwanja vya ndege usiku na mchana. Huwakagua abiria, huzunguka ua, hukesha langoni. Hata hivyo ni wachache wetu tuliopata kufikiri kwamba kitu cha kwanza kilindwacho katika uwanja wa ndege si jengo, wala ua, wala hata ndege yenyewe, bali ni ule utepe mweusi wa lami ambao ndege huukanyaga. Utepe huo ukiharibika, mengine yote yaliyobaki ni mapambo.

MLANGO WA PILI WA RUSIZI

Kamembe si uwanja mkubwa. Njia yake ya kurukia na kutua ndege ina urefu wa kama mita 1,500, ilhali ile ya Kigali ina mita 3,500. Lakini ukubwa wa kazi ya kiwanja haupimwi kwa mita peke yake. Atokaye Rusizi kwenda Kigali kwa gari hana budi kuupita msitu wa Nyungwe, kona baada ya kona, safari ya saa tano au zaidi. Na katika majira ya mvua udongo wa milima ile huweza kuporomoka na kuifunga barabara. Kwa ndege safari hiyo ni ya chini ya saa moja. Kwa hiyo Kamembe ni mlango wa pili wa wilaya nzima: mlango wa mgonjwa asiyeweza kungoja, wa mfanyabiashara, na wa kikosi kitakiwacho kufika kabla ya jua kuchwa. Katikati ya miaka ya 2010, njia hiyo ilipofanyiwa ukarabati, safari za abiria zilisimama kwa muda, na watu wa Rusizi wakaonja maana ya kubaki na mlango mmoja.

Aidha, mita 1,500 za Kamembe si sawa na mita 1,500 za Mombasa au Dar es Salaam. Uwanja huu uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu hewa ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua na injini hupumua kwa shida, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina kanuni ya kukadiria jambo hili: kwa kila mita 300 za kupanda juu, urefu utakiwao wa njia huongezwa kwa asilimia 7. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba mita 1,500 za Kamembe zafanya kazi ya mita kama 1,100 tu za pwani, hata kabla ya joto la mchana kuhesabiwa. Maana yake ni kwamba hakuna mita ya kupoteza. Palipo na njia ndefu, shimo moja la mwishoni ni hasara. Palipo na njia fupi, shimo hilo hilo ni hatari.

KILICHO CHINI YA LAMI

Wengi hudhani kwamba lami ndiyo ibebayo ndege. La hasha. Lami tuionayo ni ngozi tu. Chini yake kuna tabaka la kokoto zilizopangwa kwa ukubwa na kushindiliwa. Chini ya hilo kuna tabaka jingine la changarawe au udongo ulioteuliwa. Na chini kabisa kuna udongo wa asili wa mahali penyewe. Uzito wa gurudumu hushuka ukitawanyika kutoka tabaka moja hadi jingine, kama amri ishukavyo kutoka makao makuu hadi kwa askari wa mstari wa mbele, mpaka ufikapo kwenye udongo wa asili ukiwa umegawanyika vya kutosha kubebeka. Tabaka moja likilegea, yaliyo juu yake huanza kufanya kazi ambayo hayakuumbwa kuifanya.

Ndege ya abiria aina ya Q400, ambayo kwa miaka mingi RwandAir imeitumia katika safari za Kigali na Kamembe, huweza kufikia uzito wa tani 29 wakati wa kuruka. Ndege ya mizigo ya kijeshi aina ya C-130 yaweza kufikia kama tani 70, na Airbus A330 zitumiazo Kigali hupita tani 230. Uzito wote huo husimama juu ya magurudumu machache yaliyojazwa upepo kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya ile ya gari dogo.

Hapa jeshi lina sehemu yake katika elimu hii, nayo yafaa tuijue. Kati ya miaka ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, yalifanyika majaribio makubwa ya barabara. Malori yaliyopakiwa uzito mbalimbali yalizungushwa katika njia maalumu kwa muda wa miaka miwili, na madereva wake walikuwa askari. Somo lililotoka huko ndilo litumiwalo hadi leo: uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili, bali hukaribia mara 16. Ndiyo sababu chombo kimoja kizito kupita kiasi, kikiruhusiwa mara moja "kwa kuwa ni dharura", huweza kuacha jeraha ambalo ndege mia za kawaida zisingeliliacha.

Kwa ajili hiyo kila kiwanja hupewa nambari ya nguvu ya lami yake, na kila ndege hupewa nambari ya uzito wake. Utaratibu wa nambari hizo ulianza kutumika duniani katika miaka ya 1980, nao ulibadilishwa na mwingine ulio sahihi zaidi tangu tarehe 28 Novemba 2024. Pamoja na nambari huandikwa herufi zielezazo kama njia ni ya lami au ya zege, udongo wa chini una nguvu gani, na magurudumu yaruhusiwa upepo kiasi gani. Kanuni yake ni nyepesi: nambari ya ndege isiizidi ya kiwanja. Ikizidi kidogo, isiyopita asilimia 10, ndege yaweza kuruhusiwa mara chache. Lakini hairuhusiwi juu ya njia ambayo tayari inaonyesha dalili za kushindwa. Kamanda aombaye ndege nzito itue mahali fulani hana budi kuuliza nambari hiyo kwanza, kama aulizavyo uwezo wa daraja kabla ya kuvusha kifaru.

MAADUI WAKE

Adui wa kwanza wa lami ni maji, na mzee wa Nkungu alikuwa amesema kweli tupu. Maji yakiingia kupitia ufa hulainisha matabaka ya chini. Kila gurudumu lipitapo huyasukuma, nayo hutoka na chembe za udongo, hata tabaka likabaki na mapango ndani yake. Kwa macho ya juu, lami bado yaonekana nzima. Siku moja huzama. Mtaro ulioziba hufanya vivyo hivyo kwa kupitia ubavuni: maji yasiyo na pa kwenda hurudi chini ya njia.

Adui wa pili ni jua. Lami ni kitu kilicho hai kwa namna yake. Ikiwa mpya hujikunja na kujikunjua, lakini jua na hewa huikausha mwaka hata mwaka, ikawa kavu, ikapasuka, na kokoto zake zikaanza kung'oka. Kwa hiyo hata kiwanja kisichotumiwa sana huzeeka. Wako wasemao, "Uwanja wetu ndege ni mbili tatu tu, hauwezi kuharibika." Hao wamesahau kwamba jua halipumziki kwa sababu ndege imepumzika.

Adui wa tatu ni ardhi yenyewe. Rusizi imekaa juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliwaua watu katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke na ng'ambo ya mpaka huko Bukavu. Mahali kama hapo, njia ya ndege hukaguliwa kila baada ya mtikisiko, hata kama jengo halikudondosha kigae.

Adui wa nne ni mdogo kabisa, naye ni kitu chochote kilichodondoka. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, ndege aina ya Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege iliyoitangulia kuruka. Kipande hicho hakikufika nusu mita. Kilipasua gurudumu, kipande cha mpira kikapiga chini ya bawa penye tangi la mafuta, moto ukawaka, na watu wote 109 waliokuwa ndani pamoja na wanne waliokuwa chini wakafa. Jiwe ling'okalo kwenye lami iliyochoka ni ndugu wa kipande hicho.

SAINI TULIYOITIA

Tuna deni la kusimulia jambo moja, nalo halitupi sifa. Tulipokuwa kadeti tulipelekwa kwa mafunzo katika kiwanja kidogo ambacho hatutakitaja. Kila alfajiri tulipangwa mstari mmoja, bega kwa bega, tukatembea kutoka mwisho mmoja wa njia hadi mwingine tukiokota mawe, misumari na vipande vya waya. Sisi tuliiona kazi ile kuwa ni adhabu iliyovalishwa sare.

Asubuhi moja zamu ya kuandika daftari ilituangukia sisi na mwenzetu mmoja. Karibu na maegesho ya ndege tuliona ufa wenye urefu wa kama hatua tatu. Nyasi zilikuwa zimeota ndani yake, na tulipoukanyaga ukingo wake ulibonyea na kutoa maji kidogo. Tuliutazama. Mwenzetu alisema kuwa bila shaka wakubwa wameuona. Chai ilikuwa tayari na jua limepanda. Tuliandika katika daftari maneno mawili, "Hali shwari," tukatia saini.

Mvua zilinyesha siku kadhaa mfululizo. Kisha ilikuja ndege ndogo kumchukua askari aliyevunjika mguu vibaya huko porini. Ilitua salama, ikampakia, ikageuka. Ilipopita mahali pale gurudumu moja lilizama hadi kwenye ekseli, ndege ikainama, na panga la injini likapiga lami na kujipinda. Hakuna aliyekufa. Lakini ndege haikuruka tena siku ile, na majeruhi alisafirishwa kwa lori katika njia mbovu usiku kucha. Alifika hospitali akiwa hai. Mguu wake haukuokolewa.

Kamanda wetu hakutupigia kelele. Alitukabidhi daftari mbele ya kundi zima akatuamuru tusome kwa sauti yale tuliyoandika. Tulisoma: "Hali shwari." Akasema, "Someni tena." Tulisoma tena. Tangu siku ile hatujapata kutia saini karatasi ambayo hatukuiamini, na tumeelewa kwamba askari aweza kuliacha lindo lake hali amesimama palepale.

ALAMA MIA MOJA

Ufa mmoja huonekana kwa macho ya kadeti. Lakini njia nzima, tena viwanja kumi vya nchi moja, vitapimwaje ili mkubwa mezani ajue kipi ni kizima na kipi ni kigonjwa? Jibu nalo lilitoka kwa wahandisi wa jeshi. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa jeshi la nchi kavu la Marekani walilitengenezea jeshi lao la anga kipimo cha hali ya lami, ambacho leo hutumika katika viwanja vya kiraia sehemu nyingi za dunia.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Njia hugawanywa vipande vya mita za mraba kama 450 kila kimoja. Njia yenye urefu wa mita 1,500 na upana wa mita 30, kwa mfano, hutoa vipande 100. Wakaguzi hutembea kwa miguu, huchagua vipande vya kutosha, na katika kila kimoja huandika mambo matatu: ni ugonjwa gani, umezidi kiasi gani, na umeenea kwa kiasi gani. Nyufa zilizosukana kama ngozi ya mamba zina maana yake, nayo ni kwamba chini pameanza kushindwa. Nyufa za miraba mikubwa ni za uzee na jua. Bonde lililochimbwa na magurudumu ni la uzito. Kila ugonjwa hupunguza alama kutoka 100. Alama 86 hadi 100 ni hali njema. 56 hadi 70 ni ya wastani. 41 hadi 55 ni mbaya. Na chini ya 11 njia imekwisha kufa.

Faida kubwa ya alama hizi si kujua ya leo tu, bali kutabiri ya kesho. Wahandisi wameona kwamba lami haizeeki kwa mwendo mmoja. Kwa muda wa kama robo tatu ya maisha yake hushuka taratibu, ikipoteza kama asilimia 40 ya ubora wake. Kisha huporomoka: asilimia 40 nyingine hupotea katika kipindi kifupi ambacho ni kama sehemu moja ya nane tu ya maisha hayo. Kazi ambayo ingegharimu faranga moja kabla ya mporomoko, hugharimu faranga sita hadi nane baada yake. Wahenga walikwisha kusema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahandisi wameongeza bei tu.

UWANJA UPI UTANGULIE?

Hapa ndipo penye ugumu wote. Nchi haina uwanja mmoja, na hazina haina mifuko miwili. Mkubwa anapopokea fedha za mwaka huu, amtibu nani kwanza?

Tuchukue mfano wa kubuni wa viwanja vinne. Wa kwanza una alama 90, wa pili 72, wa tatu 68, na wa nne 22. Fedha zilizopo zatosha ama kuujenga upya ule wa nne peke yake, ama kuweka tabaka jipya katika wa pili na wa tatu na kuziba nyufa za ule wa kwanza. Moyo wa kibinadamu husema, "Mbovu kwanza." Kelele za watu husema hivyo pia, kwa sababu shimo hupiga kelele na ufa hunyamaza. Lakini tukiufuata ushauri huo, baada ya miaka michache wa nne utakuwa mpya, nao wa pili na wa tatu watakuwa wameporomoka. Badala ya mgonjwa mmoja mahututi tutakuwa nao wawili. Jemadari apelekaye akiba yake yote kila siku mahali palipokwisha kuvunjwa na adui, mwisho atavunjwa mstari mzima.

Basi viwanja vingi huweka mpaka, aghalabu karibu na alama 70 kwa njia ya kurukia, na hujitahidi kuifikia kila njia kabla haijauvuka mpaka huo kwenda chini. Hata hivyo hatusemi kwamba mgonjwa mahututi aachwe aue watu. La. Yafaa apewe masharti: uzito upunguzwe, sehemu mbovu ifungwe kwa alama, na ikibidi uwanja wote ufungwe hadi zamu yake ifike. Kufunga uwanja si aibu. Aibu ni kuuacha wazi kwa kuogopa lawama.

Wala alama peke yake haitoshi. Uwanja ulio mlango pekee wa jimbo, au ulio mahali ambapo barabara hukatika, wastahili kuhesabiwa zaidi ya ule ulio na jirani wa karibu. Kwa hesabu hiyo uwanja kama Kamembe, ingawa ni mfupi, hausimami nyuma kabisa ya mstari. Vivyo hivyo Tanzania, viwanja vya Bukoba, Kigoma na Tabora si vikubwa, lakini tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kununua ndege aina ya Q400 kwa ajili ya shirika la taifa, ilionekana wazi kwamba ndege mpya bila lami nzima ni farasi bila ardhi.

Mfano mchungu uko jirani, upande wa pili wa Ziwa Kivu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na mkondo wa moto ukaifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya uwanja wa Goma. Kwa miaka mingi uwanja uliendelea kufanya kazi kwa urefu uliopunguzwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikaupita mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere wenye soko na makazi. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao si abiria bali ni watu waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Hatusemi kwamba ufupi wa njia peke yake ndio uliowaua. Twasema tu kwamba mita zilizokosekana ni mita za kusahihishia kosa, na siku ile hazikuwapo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja huo.

Rubani haulizi mipaka ya nchi, huuliza, "Nikishindwa kutua hapa, nitatua wapi?" Ndege iliyokusudia Kamembe ikakuta wingu limefunga, yaweza kurudi Kigali au kwenda kwingine. Hivyo afya ya njia moja ni akiba ya nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuliona jambo hili ilipounda mwaka 2007 wakala wake wa usalama wa anga, ambao makao yake yako Entebbe. Viwanja vikipimwa kwa kipimo kimoja, na ripoti zikaandikwa kwa lugha moja ya nambari, jirani aweza kumwamini jirani.

KAZI YA ASKARI NA POLISI

Yamkini msomaji asema: haya ni ya wahandisi, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mhandisi huja kwa mwaka mara moja au mbili, na wewe uko pale kila alfajiri. Askari wa doria ndiye macho ya kwanza ya uwanja. Yako mambo ambayo hayahitaji shahada.

La kwanza ni maji. Baada ya mvua, tazama yanakaa wapi. Tangu tarehe 4 Novemba 2021 viwanja vya kimataifa hutakiwa kumweleza rubani hali ya njia kwa nambari kuanzia 6, yaani kavu, hadi 0, kwa kila theluthi ya njia. Maji yenye kina cha zaidi ya milimita 3, ambayo hayafuniki hata soli ya buti, yatosha kuishusha nambari kutoka 6 hadi 2, kwa kuwa gurudumu liendalo kasi huelea juu yake na breki zikawa bure. Ukiona dimbwi mahali palepale kila mvua, lami imezama, sema.

La pili ni mtaro na kalvati. Mtaro ulioziba mwezi Agosti hauna madhara; mwezi Septemba mvua zikirudi ni adui aliyekwisha kuingia ndani ya ua. La tatu ni nyasi ndani ya ufa, kwa maana mmea haupandi mahali pasipo maji. La nne ni jiwe, msumari, kipande cha mpira: kiokote, uandike umekiokota wapi, maana jiwe la lami lina mahali lilipotoka. La tano ni uzito. Lori la maji au la kuni lisikatize njia kwa kutafuta mkato, hata dereva wake akiwa na cheo kikubwa kuliko cha mlinzi.

Na la sita, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni daftari. Ripoti ya kweli yenye mwandiko mbaya ni bora kuliko "Hali shwari" iliyoandikwa vizuri. Kamanda naye ana wajibu wake: askari aletaye habari ya ufa asiambiwe kwamba anatafuta sifa, na habari yake isilale katika daftari kama maiti kaburini. Ifike kwa mhandisi, na jibu lirudi kwa aliyeiandika. Askari akiandika mara tatu bila kujibiwa, mara ya nne ataandika kama tulivyoandika sisi.

Tulirudi Nkungu majuma machache baadaye kwa shughuli nyingine, nasi tulipita katika barabara ileile. Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji yalikuwa yakiteremka ndani ya mtaro kwa kasi na kelele, mekundu kama udongo wa kilima, na katikati barabara ilikuwa imara. Baiskeli iliyobeba ndizi ilitupita bila kuyumba. Tulimkuta yule mzee akitazama mfereji kwa fimbo yake, akiondoa jani hapa na kijiti pale, ingawa siku ile haikuwa ya umuganda na hakuna aliyemtuma.

Tulimwambia kwamba sasa tunalo jibu la swali la yule askari kijana. Azibuaye mtaro wa ndege ni yeyote aliye zamu. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akainama, akaondoa jani jingine.